Mtawa Asiyevuka Mpaka

Rooty Hill, Sydney, 14 Juni 2020

Mdogo wangu Katembo,

Barua hii ikukute unakula na unalala. Sisi huku tu wazima. Mama ameketi dirishani na blanketi magotini, maana baridi ya Juni imeshaingia, na ananiagiza niandike kwamba goti la kushoto limepona ila la kulia sasa linadai zamu yake. Baba Ornella yuko ghalani Lidcombe. Ornella anakusalimu, anasikia Kiswahili chote, lakini jibu lake ni "yeah, Mum" tu, hata nikimwambia nyumba inaungua. Kazi yangu ya kutunza wazee inaendelea. Kila tukiingia tunapimwa joto kwenye paji la uso, kisha tunafungwa barakoa mpaka masikio yanauma.

Naandika kwenye simu. Dieudonné wetu, mtoto wa mama mdogo, ataichapa dukani kwake Butembo na kumpa motari wa pikipiki akuletee. Wewe utaandika kwa mkono, yeye apige picha. Najua kwa nini mlizizika simu zenu: watu wa porini wakikukuta nayo wanasema unawaita wanajeshi, na wanajeshi wakikukuta nayo wanasema unawaita watu wa porini.

Sasa jambo lenyewe. Nimesikia kijiji cha jirani na Kihondo kimechomwa, na kwamba walikuwa wakiuliza watu dini zao kabla ya kuwaua. Ninyi ni watawa watatu wenye ndevu na kanzu nyeusi. Hakuna haja ya kuwauliza. Katembo, toka. Nimezungumza na wakili wa viza hapa. Anasema naweza kukuombea kama ndugu aliye hatarini, lakini sharti uwe nje ya Kongo. Mpaka wa Uganda umefungwa kwa korona. Siku utakapofunguliwa, vuka.

Mama hajui kwamba nimekuandikia haya. Anadhani tunaandikiana habari za mbuzi.

Dada yako,
Faida


Kihondo, 9 Agosti 2020

Yaya Faida,

Amani ya Bwana iwe katika nyumba yako, dada yangu. Mwambie Mama yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, wote majike. Maharage yamekubali mwaka huu. Kahawa ina wadudu kidogo. Watu hapa wamechoshwa na magonjwa. Ebola imetuaga juzi tu, na walipoletewa korona walisema, ikae foleni. Mwambie Mama pia kwamba nguo ya sufu aliyoifuma bado naivaa, ingawa viwiko vimetoboka.

Kengele hatupigi tena. Tunasali kwa sauti ya chini. Padri Térence, yule Mrundi wetu, amekwenda Butembo kutibiwa.

Kuhusu lile la kuvuka, yaya, ulinicheka niliporudi kutoka Kampala nikiwa Mworthodoksi, na ndevu na jina la Serafimu. Mama alikaa karibu mwaka mzima bila kuniita kwa jina lolote. Nilivumilia kwa sababu nilikuwa nimeahidi mbele ya madhabahu kukaa mahali pamoja mpaka nife. Ahadi ile haikusema "isipokuwa pakiwa pabaya."

Shamba linaniita. Salimu shemeji.

Mdogo wako,
Serafimu, Katembo wenu


Rooty Hill, 1 Novemba 2020

Katembo,

Tumepokea salamu zako kwa furaha, na Mama amewapa wale mapacha majina: mmoja Rooty, mwingine Hill. Amecheka mwenyewe mpaka akakohoa. Jakaranda zimechanua, njia ya kwenda stesheni ni zambarau tupu. Korona imetulia. Ornella amerudi shule.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Umeandika aya nzima ya mbuzi na mstari mmoja wa Padri. Mimi ndiye niliyekulea, nakujua: ukivunja kitu ulikuwa unakuja kunisimulia habari za kuku.

Nilimwomba Dieudonné azunguke hospitali za Butembo. Amezunguka. Hakuna Mrundi mwenye ndevu aliyelazwa mahali popote, si sasa, si Julai. Nilipomuuliza kijijini kumetokea nini akasema, "Muulize mwenyewe," halafu akadai mtandao umekatika, na mimi nilikuwa bado nasikia redio yake ikiimba.

Padri Térence yuko wapi? Na wewe, usiku unalala wapi?

Faida


Kihondo, 7 Februari 2021

Yaya Faida,

Salamu kwako na kwa wote. Mwambie Mama Krismasi tulikula kuku. Hilo ni kweli. Kuku alitoka kwa Mzee Ramazani, fundi cherehani, jirani yetu Mwislamu ambaye ameshona kanzu zetu tangu monasteri ilipojengwa.

Umenishinda. Nitakueleza, lakini usimsomee Mama.

Ilikuwa Julai, kabla ya ile barua ya mbuzi. Kanzu yangu ilikuwa imechanika mgongoni, na sina nyingine. Nilikuwa nimeketi barazani kwa Mzee Ramazani nimevaa shati lake, yeye akiishona. Watu wa porini wakatokea upande wa kahawa na bunduki zao. Mmoja akaninyooshea kidole.

"Huyu nani?"

"Mtoto wa dada yangu," Mzee akasema, mguu wake bado unakanyaga cherehani. "Bubu tangu kuzaliwa."

"Na hiyo nguo nyeusi?"

"Buibui la mke wangu. Unataka kulijaribu?"

Wenzake wakacheka. Wakamwambia asome Kurani wasikie. Akasoma, polepole, bila kukosea. Wakapita. Walikokuwa wanakwenda ni kwetu.

Padri alikuwa kanisani. Ndugu Balagizi, mtawa wetu wa tatu, alikuwa amelala kifudifudi kwenye maharage akisikia yote. Walimtaka Padri aikane imani yake, wamwache aende nyumbani salama. Akawajibu, "Nyumbani kwangu ni hapa." Wakatoa picha za watakatifu, wakazichoma mlangoni, wakaondoka naye. Tangu siku ile hatujapata habari yake, ya uhai wala ya kifo.

Balagizi amerudi kwao Bukavu, na simlaumu. Mimi nalala kwenye stoo ya Mzee Ramazani, kati ya marobota ya vitambaa. Asubuhi napanda kanisani nasali peke yangu. Neno "bubu" linanisumbua. Mzee anasema ni yeye aliyesema uongo, kwa hiyo nisimwibie dhambi yake.

Utaniuliza kwa nini sivuki. Yaya, Padri akitoka kule, atakuja wapi? Atamkuta nani?

Serafimu


Rooty Hill, 11 Aprili 2021

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, goti la kulia sasa limefunga mjadala, anatembea na fimbo. Anauliza kwa nini barua zako zimekuwa fupi. Nimemwambia karatasi ni ghali.

Barua yako niliisomea bafuni, bomba likiwa wazi, ili asisikie nikilia. Kisha nikanawa, nikaenda kazini Quakers Hill kuwalisha uji wazee wa watu. Hapa sasa ni kama korona haijawahi kutokea. Watu wamejaa mikahawani, watoto wanacheza mpira. Ninaona aibu na amani hii, kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima.

Lakini nakasirika pia, wacha niseme. Padri akitoka atamkuta mtu mwingine, Kongo haikosi watu. Mimi sina Katembo mwingine. Mpaka wa Uganda pale Kasindi uko wazi sasa. Maombi yako nimeyapeleka, wakili ameyapokea. Kinachosubiriwa ni miguu yako.

Mshukuru Mzee Ramazani. Mwambie kuna mama huku anayemwombea kila siku bila kujua anamshukuru kwa nini. Nimempa tu jina.

Faida


Kihondo, 18 Julai 2021

Yaya Faida,

Salamu kwa wote. Usishtuke kwa mwandiko, ni Mzee Ramazani anayeandika, mimi nasema. Niliteleza kwenye ngazi ya kanisa wakati wa mvua nikaumia mkono wa kulia. Si jambo kubwa, umefungwa vizuri. Nasikia huko mmefungiwa tena majumbani. Mama asitoke. Mwambie Rooty ana mimba.

Serafimu

*Mama Ornella, salaam. Mimi ni Ramazani. Ndugu yako ameenda kunawa, naandika haraka. Hakuanguka kwenye ngazi. Kanisa lao halina ngazi.*

*Mwezi uliopita watu wa porini waliua wengi kijiji cha chini. Baada ya maziko vijana wa hapa kwetu wakasema, mbona Ramazani hawamgusi? Basi ni mtu wao, ni yeye anayewaonyesha njia. Wakaja na petroli. Mimi nilikuwa ndani na mke wangu na wajukuu. Ndugu yako akavaa ile kanzu niliyoishona, akasimama mlangoni mwangu. Wakamwambia, "Toka, frère, ndugu yetu, hatuna shida na wewe." Akasema, "Nina shida na ninyi." Wakamwomba, wakamtukana, halafu wakaanza mawe. Alifunika kichwa kwa mkono, ndiyo maana ni mkono. Hakutoka. Mwishowe mama mmoja mzee akaanza kupiga kelele akiwaita wale vijana kwa majina yao, mmoja mmoja, ndipo wakaona haya wakaondoka.*

*Ameniapisha nisikuambie aliyerusha jiwe lile. Anasema na wewe ulimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Basi, sisemi. Lakini hapa hapakaliki tena, kwake wala kwangu. Anarudi, naishia hapa.*


Rooty Hill, 5 Septemba 2021

Katembo,

Tumshukuru Mungu kwa pumzi. Baba Ornella yupo. Ornella yupo, anasomea kwenye kompyuta. Huku magharibi ya Sydney wametufungia kuliko wengine. Helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa, na askari wanauliza watu wanakwenda wapi.

Nimesoma alichoandika Mzee. Huna haja ya kuficha jina. Dieudonné alinipigia akilia: ni mdogo wake, Kalume. Ndiyo, nilimbeba. Nilimfundisha kutembea. Anasema Kalume amekimbilia kwa vijana wenye mapanga wanaojiita walinzi, na nyumbani hawajui kama yu hai.

Tokeni Kihondo, wewe na Mzee na wote wake. Nendeni hata Butembo kwanza. Siwezi kuandika zaidi leo.

Faida


Butembo, 24 Oktoba 2021

Yaya,

Nivumilie, huu ni mkono wa kushoto. Wa kulia umeungana vibaya, vidole viwili havisikii.

Tumefika Butembo. Tunakaa uani kwa Dieudonné, mimi na familia yote ya Mzee. Anashona barakoa na kuziuza sokoni, na watu wananunua ingawa wanazivaa kidevuni. Mbuzi nimewaachia majirani.

Yaya, barua yako haikuanza na Mama. Sijawahi kupata barua yako isiyoanza na Mama, hata alipokuwa hataki kunitaja. Na Dieudonné, ambaye siku zote salamu yake ya kwanza ni "Mama mkubwa anaendeleaje?", alinipokea hakuuliza. Alinibebea mfuko tu akatazama chini.

Usinifanyie kama nilivyokufanyia mimi. Niandikie.

Serafimu


Rooty Hill, 28 Novemba 2021

Mdogo wangu Katembo,

Mama alifariki tarehe ishirini na tatu Agosti.

Nilimkataza Dieudonné kukuambia. Ulikuwa na mkono uliovunjika na watu wenye petroli mlangoni. Nilijiambia nitangoja utoke kwanza.

Korona iliingia nyumbani. Sijui nani aliileta, mimi kutoka kwa wazee wangu au baba Ornella kutoka ghalani. Kila mtu ndani ya nyumba hii anaamini ni yeye, hata mtoto, na hatuzungumzi. Gari la wagonjwa lilimchukua Mama akiwa amejifunga kitenge chake cha kwenda misa. Hatukuruhusiwa kumfuata. Wauguzi walivaa plastiki toka kichwani mpaka miguuni, huwezi kumjua mwanamume na mwanamke.

Mungu alituwekea pale muuguzi mmoja Mkenya, anaitwa Apondi. Alituonyesha Mama kwenye tableti jioni, na zamu yake ilipokwisha hakuondoka. Yeye ndiye aliyenisimulia. Mama alimshika mkono akadhani ni wewe. Akasema, "Katembo, ingiza mbuzi, mvua inakuja." Apondi akamjibu, "Nimeshawaingiza, Mama." Akamuuliza, "Wote?" Akasema, "Wote." Ndipo Mama akalala, na hakuamka.

Tulimzika Lidcombe. Watu kumi tu ndio walioruhusiwa kusimama kaburini. Wakongo wengine walikaa kwenye magari yao nje ya uzio, wakaimba wakiwa wamefungua madirisha.

Sasa nasema jambo moja tu, na silisemi kwa hasira. Zamani nilikuambia vuka uokoe maisha yako. Hukusikia. Leo nakuomba uvuke kwa ajili yangu. Nyumba ni kimya. Nikipika majani ya sombe sina wa kuniambia chumvi haitoshi. Wakili anasema mipaka ya Australia itafunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na faili lako limefika mahali pazuri. Njoo, Katembo. Kuna kanisa lenu hapa. Nitakuvumilia na mishumaa yako.

Faida


Butembo, 6 Machi 2022

Yaya wangu,

Tangu nilipopata barua yako nilimsomea Mama sala za wafu siku arobaini, kwa vitabu vyetu, naye Mkatoliki. Natumaini hakukasirika. Mwambie Apondi kwamba nitamtaja katika sala zangu muda wote nitakaoishi. Alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi.

Nilikubali kuja. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Nilimwambia Mzee Ramazani, akanishonea suruali mbili na akakataa kunitazama usoni kwa juma zima. Mwanzoni mwa Februari nilipanda gari mpaka Kasindi. Nilipimwa korona, nikakaa kwenye benchi pamoja na wengine kungoja majibu. Upande wa pili niliiona Uganda. Mwanamke wa kule alikuwa anaanika nguo. Nilijiambia, nikifika pale nitakuwa mtu asiyewindwa.

Dereva wa lori la mbao akapita akiuliza, "Nani hapa anaitwa Katembo, frère?" Dieudonné alikuwa amempigia. Jeshi lilikuwa limeshambulia kambi ya porini, mateka wametawanyika, na mmoja ameletwa Butembo, mzee, Mrundi.

Majibu ya kipimo sikuyangoja.

Ni yeye, yaya. Nilipita karibu naye bila kumtambua. Wamemnyoa ndevu. Amebaki mifupa. Ametembea porini peku mpaka nyayo zimepasuka na kuvimba, hawezi kusimama. Hasemi. Akisikia miguu mizito mlangoni anatambaa na kujificha chini ya meza ya Mzee Ramazani, na Mzee anaendelea kushona kana kwamba hakuna kitu, akimwimbia taratibu. Hali chakula isipokuwa nimtie mdomoni.

Mjini wanasema maneno. Wanasema wengine wote waliotekwa naye walikataa na wakauawa, basi kama yeye yu hai ni kwamba aliikana imani. Hata waumini wetu wachache wamekuja kunitaka nimuulize. Mmoja alisema hatakula sakramenti pamoja naye mpaka ajue. Nilimwonyesha mlango. Sijamuuliza Padri wala sitamuuliza.

Nimerudia ahadi yangu ya kukaa, ingawa monasteri yenyewe iliungua tulipokwisha kuondoka. Najua nimekukosesha. Najua nyumba ni kimya. Sijui niandike nini hapa, basi naacha nafasi.

Serafimu


Rooty Hill, 18 Aprili 2022

Mdogo wangu Katembo,

Ornella anakusalimu. Safari hii alisema "Shikamoo, mjomba", kwa Kiswahili, bila kusukumwa. Baba yake mzima. Jana ilikuwa Pasaka yetu, na nasikia yenu inakuja Jumapili. Tulikwenda kaburini na maua.

Barua yako niliichana. Kwa kuwa ilikuwa picha kwenye simu, ilibidi kwanza niende maktaba ya Blacktown kuichapisha, nilipe, ndipo niichane.

Nilikaa majuma bila kukujibu. Nilikuwa nikikuchukia, na sikutaka kukuandikia huku nikikuchukia. Wakili alinipigia kuuliza kama afunge faili. Akaniuliza kama nina hakika. Nilimwambia sina, lakini afunge.

Halafu juzi kazini nilikuwa namlisha mzee mmoja ambaye hajasema neno tangu nimjue. Alikuwa anakataa kijiko. Nikagundua ninafanya kama unavyofanya wewe saa ileile, labda kwa chakula kilekile, uji. Usinidhanie nimefurahi. Bado kila simu ikilia natoka jasho. Nikisikia Butembo kwenye habari nazima, kisha nawasha tena.

Sikiliza. Nicole, yule mwanamke wa Goma tunayesali naye, anasafiri kwenda Kampala mwezi ujao, na jamaa zake watafikisha mzigo kwa Dieudonné. Natuma dawa ya vidonda, bandeji, na soksi laini zisizobana ambazo tunawavalisha wazee wetu. Nilitaka kuweka na viatu. Nilikwenda dukani, muuzaji akaniuliza namba, nikabaki nimesimama na kiatu mkononi kama mjinga.

Padri akiwa ametulia, weka mguu wake juu ya karatasi, polepole, Mzee Ramazani akiwa karibu ili asiogope. Uuzungushie kalamu kwa huo mkono wako wa kushoto, Dieudonné apige picha.

Uchore na wako.

Dada yako,
Faida